Wale buibui wa uani kwako

Shoga Zuhura,

Hujambo mama? Watoto hawajambo? Picha zako za wale buibui, wa chini ya kiti na wa ukutani jikoni, nimeziona na nimezikuza mpaka mwisho, nikaona hili la kukujibu kwa vimeseji viwili vitatu halifai, nataka ulielewe vizuri kabla baba watoto hajaita watu wa kupuliza dawa nyumba nzima.

Yule wa chini ya kiti cha plastiki ni kweli ana sumu. Huku Mbezi tunaishi nao siku zote, kwenye boksi la mita ya maji, nyuma ya mandoo, kwenye matofali yaliyobaki ujenzi. Ni wa kahawia, miguu ina mistari mistari, na tumboni kwa chini ana alama ya rangi ya chungwa kama namba 8. Wataalamu wanamwita Latrodectus geometricus, ndugu yake yule mweusi anayeogopwa Marekani, ila huyu wetu mara nyingi hang'ati vikali hivyo. We angalia mayai shoga. Kifuko cha duara, hakizidi punje ya njegere, rangi ya krimu, kimejaa vimiba pande zote. Ukiona hivyo vimiba ndo yeye. Kimoja kinaweza kubeba mayai zaidi ya mia na jike mmoja anatengeneza vifuko vingi, ndo maana mi nikifanya usafi natafuta vifuko kwanza navipondaponda, yeye baadaye.

Utando wake hauna mpangilio, nyuzi huku na huku, halafu mgumu, ukiuvuta na kijiti unausikia kabisa unavyokatika. Mwenyewe hakufuati mtu. Ukimgusa anajiachia chini, anakunja miguu, anajifanya kafa. Anauma akibanwa, yaani umepitisha vidole chini ya ukingo wa kiti ukivute, au mtoto kachomeka mguu kwenye kiatu kilicholala nje, kwa hiyo wanao wazoeze kushika kiti kwenye egemeo na kukung'uta viatu kila asubuhi, hilo tu linaepusha mengi.

Dawa ya kupuliza mi siipendi kwa hili. Buibui anakaa juu ya nyuzi zake, hakanyagi sana pale ulipopuliza, na mayai yamefunikwa na hariri, sasa utaua wadudu wengine wote na watoto wavute ile harufu halafu baada ya muda vifuko vinapasuka mnaanza upya. Fagio linafanya kazi kuliko dawa.

Na tafadhali yule mpana bapa wa ukutani jikoni mwacheni! Najua anatisha, miguu mirefu, akikimbia moyo unaruka. Ila huyo hategi utando, anawinda usiku, na chakula chake ni mende. Juzi niliwasha taa jikoni nikamkuta kamkumbatia mende mzima, mabawa bado yanachezacheza, katulia tu hata mwanga haukumshtua. Akiuma inauma, lakini si wa kulaza mtu hospitali.

Ikitokea kaumwa mtu na yule wa kahawia, osha na maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, basi. Msimchanje na wembe, msimpake mafuta ya taa, msimfunge kamba. Wengi wanapata maumivu na wekundu palepale halafu yanapoa yenyewe. Ila kama ni mtoto mdogo au mzee, au misuli imeanza kukaza, tumbo linabana, jasho linamtoka, usisubiri kukuche, hospitali usiku huohuo, na huyo buibui kama kapatikana mpige picha mwende nayo.

Jumamosi nakuja na glovu nene na tochi, tupite uani wote mimi na wewe, hayo matofali msiyahamishe kwa mikono mitupu mpaka nifike. Na mwambie shemeji hiyo hela ya dawa anunue nyavu za madirisha, zile za jikoni kwako zimeshachanika.

Wako,
Mwanahamisi