Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, 2025

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wapenzi wa tamthilia tanzu za mashujaa, yaani zile zinazochipuka kutoka filamu au tamthilia nyingine, inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kabla mkutano haujaingia kwenye uchaguzi. Natimiza wajibu huo. Shughuli za kawaida nitazipitia haraka, maana wengi wenu mlikuwepo au mmesoma kumbukumbu za vikao. Muda mwingi nitautumia kueleza jambo lililotugawa tangu mwezi wa Juni, yaani uamuzi wangu wa kufuta kura walizoipigia wanachama tamthilia ya Ironheart kabla haijatoka, ambalo limesemwa sana pembeni na kwa bahati mbaya halijasemwa vya kutosha kikaoni.

SHUGHULI ZA MWAKA

Tulitazama na kujadili Daredevil: Born Again, sehemu 9, kuanzia tarehe 4 Machi hadi 15 Aprili. (Wapo wanaoshikilia kuwa huo ni mwendelezo na si tamthilia tanzu. Kamati iliipokea na tukaendelea.) Juni na Julai ilikuwa Ironheart, sehemu 6. Kuanzia 21 Agosti hadi 9 Oktoba tulikuwa na msimu wa pili wa Peacemaker, sehemu 8, na kuanzia 17 Septemba hadi 22 Oktoba msimu wa pili wa Gen V, nao sehemu 8. Mradi wa kurudia ukoo wa Arrow unaendelea: Arrow yenyewe sehemu 170, The Flash 184, Legends of Tomorrow 110 na Batwoman 51, jumla 515. Tuko katikati ya The Flash. Mwezi wa Septemba tulimpongeza Cristin Milioti kwa tuzo ya Emmy aliyoipata kwa kuigiza Sofia Falcone katika The Penguin, tamthilia iliyochipuka kutoka filamu ya The Batman ya mwaka 2022. Kabla ya kikao cha kwanza cha Gen V tulisimama kimya kumkumbuka Chance Perdomo, mwigizaji wa tamthilia hiyo, aliyefariki Machi 2024. Watayarishaji hawakumpa mtu mwingine nafasi yake, na wanachama wote waliozungumza siku hiyo waliunga mkono.

Pongezi za pekee ziwaendee wanachama waliofuatilia Peacemaker kwa jicho la karibu. Chris Smith, ambaye ndiye Peacemaker, anapoingia katika ile dunia ya pili ambako baba yake na kaka yake wako hai na wanapendwa na watu, wengi wetu tulibaki tunaifurahia familia. Wenzetu wachache wakatazama watu wanaopita nyuma yake, barabarani na ofisini, wakaona kuwa wote ni Wazungu. Waliliandika hilo mapema, kabla sehemu ya sita haijaonyesha wazi kwamba katika dunia hiyo Wanazi ndio walioshinda. Kumbukumbu za vikao zinaonyesha tarehe, na ninafurahi kwamba utaratibu wa kuweka tarehe kwenye kila hoja niliusimamia mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza madarakani.

UAMUZI WA KUFUTA KURA

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe.

Mnafahamu kwamba jedwali letu la alama, ambamo mwanachama hupiga kura kwa kuipa tamthilia alama ya moja hadi kumi, hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka kwa kila tamthilia iliyokwisha kutangazwa. Ndivyo tulivyourithi utaratibu huu kutoka kwa waliotutangulia. Kwa miaka mingi haukuwa na madhara, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoa alama kwa kitu ambacho hajakiona. Mwezi wa Mei trela ya Ironheart ilipotoka, kura zikaanza kumiminika. Hadi kufikia tarehe 24 Juni, siku ambayo sehemu tatu za kwanza zilitolewa, jedwali lilikuwa limejaa alama ya moja, na kando yake alama za kumi kumi kutoka kwa wale waliotaka kuziba pengo. Katikati hapakuwa na kitu. Tamthilia ilikuwa imekwisha kuhukumiwa pande zote mbili na hakuna aliyekuwa ameona hata dakika moja yake zaidi ya trela.

Nilifuta kura zote zilizopigwa kabla ya tarehe hiyo. Narudia: zote. Nimeandikiwa kwamba niliwanyamazisha wasiompenda Riri Williams, shujaa wa Ironheart. Ningefanya hivyo, ningeziacha zile za kumi. Sikuziacha. Baadhi ya waliokasirika zaidi ni wapenzi wa Ironheart, ambao walidhani wananisaidia kwa kupandisha alama, nami nikafuta za kwao saa ile ile.

Imesemwa pia kwamba sikuwa na mamlaka. Katiba inampa mwenyekiti uwezo wa kuchukua hatua ya dharura kati ya kikao kimoja cha kamati na kingine, mradi aipeleke hatua hiyo kwenye kikao kinachofuata ithibitishwe. Niliipeleka, ikathibitishwa. Kwamba baadhi ya wajumbe hawakuhudhuria kikao hicho si kosa la mwenyekiti. Taarifa ya kikao ilitumwa kwa wakati, na akidi ilitimia. Mjumbe mmoja alijiuzulu kwa sababu ya uamuzi huu. Ninaheshimu hatua yake na ninamshukuru kwa kazi aliyoifanyia kamati, lakini hoja aliyoiacha kwenye barua yake lazima niijibu hapa, kwa kuwa imesambazwa kwa wanachama wote.

Hoja yake ni kwamba hasira ya shabiki haihitaji kibali, na kwamba historia ya tamthilia hizi imejaa ushindi wa mashabiki waliopiga kelele. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni kweli tupu. Mwaka 1975 mhusika Jaime Sommers alikufa katika The Six Million Dollar Man. Watazamaji wakalalamika mpaka mhusika akarudishwa, na Januari 1976 akapewa tamthilia yake mwenyewe, The Bionic Woman. Lindsay Wagner, aliyemwigiza, akashinda Emmy kwa nafasi hiyo mwaka uliofuata. Mwaka 2012 Phil Coulson aliuawa na Loki kwenye filamu ya The Avengers. Mashabiki wakakataa kumzika, na mwaka uliofuata akaonekana akiongoza Agents of S.H.I.E.L.D., iliyodumu misimu 7 na sehemu 136. Daredevil ilipokatizwa Novemba 2018, wapenzi wake walifanya kampeni kwa miaka. Charlie Cox, anayemwigiza, akarudi, kwanza kwenye filamu mwishoni mwa 2021, kisha tamthilia yenyewe tuliyoitazama pamoja Machi iliyopita.

Lakini hebu tuangalie watu hao walikuwa akina nani. Waliomlilia Jaime walikuwa wamemwona akipendwa, akiumia na kufa. Waliompigania Daredevil walikuwa wameketi na sehemu 39 za misimu mitatu. Walijua kwa majina ni nani wanayemdai na kwa nini. Walikuwa na kitu cha kueleza. Ndiyo maana barua zao zilikuwa na uzito, hata pale ziliposhindwa, kama zilivyoshindwa kuiokoa Agent Carter baada ya sehemu zake 18, au Legends of Tomorrow, ambayo ilikatizwa Aprili 2022 na kuwaacha mashujaa wake wamekamatwa bila sisi kujua hatima yao. Kura ya Mei dhidi ya tamthilia ya Juni haina lolote la namna hiyo ndani yake.

Wala si kweli kwamba mwenyekiti anaogopa hasira. Machi, Foggy Nelson, rafiki wa Daredevil, alipouawa katika sehemu ya kwanza kabisa ya Born Again, nje ya baa, rafiki yao Karen akiwa pembeni yake, mimi ndiye niliyeitisha kikao cha dharura usiku ule ule. Watu walilia. Mmoja alisema amemsubiri Foggy tangu 2018 na amepewa dakika chache tu naye. Alama za moja zilipigwa usiku huo, na hakuna hata moja iliyoguswa. Zipo kwenye jedwali mpaka leo. Wamekiona walichokikasirikia.

Kuhusu madai kwamba mimi ni mpenzi wa Ironheart na ndiyo maana niliilinda: alama yangu iko wazi kwa kila mwanachama. Niliipa sita, baada ya sehemu ya sita. Naona kwamba inakatika pale hasa inapoanza kuwa kubwa. Na hapa nataka kusema jambo ambalo limeniuma kuliko shutuma zote. Mwaka 2021, wakati wa WandaVision, chama hiki kilikesha kikimtafuta Mephisto, yule shetani wa simulizi za Marvel. Kila nzi, kila ua, kila jina la mtaa lilikuwa dalili yake. Hakutokea, na yule Pietro, pacha wa Wanda, aliyeigizwa na Evan Peters akaishia kuwa jamaa wa kawaida aitwaye Ralph. Tulilalamika mwaka mzima. Miaka minne baadaye, katika sehemu ya mwisho ya Ironheart, Mephisto amekuja, sura ya Sacha Baron Cohen, ameketi mezani anazungumza kwa upole na msichana anayemlilia rafiki yake aliyepigwa risasi. Anamwuliza anataka nini. Riri anakubali, Natalie anarudi akiwa hai, wanakumbatiana, na papo hapo alama nyeusi za mkataba zinaanza kumtambaa Riri mwilini. Ni tukio tulilolisubiri kwa pamoja. Wengi wa waliolisubiri hawakuliona kwa sababu walikuwa wamekwisha toa alama ya moja mwezi wa Mei na hawakuona haja ya kurudi.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuutengua uamuzi ule. Ninaomba mkutano huu uuingize katika kanuni: alama itapokelewa baada ya sehemu ya kwanza kutoka, na alama ya mwisho baada ya msimu kwisha. Anayeona sehemu mbili na kuchoka ana haki kamili ya kusema amechoka, na aseme aliishia wapi.

MAHUDHURIO NA ADA

Kikao cha kuijadili Ironheart yote kilifanyika baada ya sehemu tatu za mwisho kutoka tarehe 1 Julai. Tangazo lilitoka mara tatu. Nilitegemea kikao hicho kiwe kikubwa kuliko vyote, kwa kelele iliyotangulia. Waliofika hawakutimia hata robo ya waliokuwa wamepiga kura za Mei. Aliyekuwa ameandika maneno makali kuliko wote kunihusu hakufika, na wala hakutuma udhuru. Katibu alisoma agenda, tukajadili tuliokuwepo, tukaamua tuliokuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tatizo hili si la Ironheart peke yake. Vikao vya sehemu ya kwanza hujaa. Kufika sehemu ya nne mahudhurio yanapungua nusu. Sehemu ya mwisho watu hurudi, wengine wakiuliza maswali ambayo yalikwisha jibiwa wiki tatu nyuma, na wanaowajibu ni wale wale wachache, ambao wamenilalamikia kuwa wamechoka kuwa wasimuliaji wa wenzao. Gen V iliathirika zaidi, kwa kuwa ilikuwa ikienda sambamba na Peacemaker, na wapo walioacha ya kwanza wakaifuata ya pili bila kutuaga.

Ada ni suala gumu zaidi. Mchanganuo kamili uko kwenye taarifa ya Mweka Hazina, nami sitauingilia. Nitasema tu kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanachama hawajalipa ada ya mwaka huu, na baadhi yao wanadaiwa ya mwaka jana. Mweka Hazina amewakumbusha mmoja mmoja, kwa staha, bila kutaja jina la mtu hadharani. Wapo waliojibu kwamba watalipa endapo kura zao zitarudishwa. Ada hailipwi kwa masharti. Ada ndiyo inayogharamia ukumbi wetu wa mtandaoni, hifadhi ya kumbukumbu za vikao na maandishi ya tafsiri kwa wanachama wasiosikia vizuri. Kuhusu hili la mwisho nitasema zaidi, maana limeulizwa kama ni anasa. Tulilianzisha baada ya Echo, ile ya Januari 2024 iliyochipuka kutoka Hawkeye, ambamo Alaqua Cox, ambaye ni kiziwi, aliigiza mhusika kiziwi, na sehemu kubwa ya mazungumzo ikawa kwa ishara. Mwanachama mmoja alituandikia kwamba kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyewafafanulia wengine kilichosemwa kwenye tukio. Huduma hiyo niliipendekeza mimi, nimeisimamia, na sitakuwa tayari kuiona inakatwa kwa sababu ya madeni ya watu wenye uwezo wa kulipa.

MATARAJIO

Panapo majaliwa, mwaka ujao tunatarajia kumaliza The Flash na kuingia Legends of Tomorrow. Tunatarajia kuwa na kitabu kidogo cha hoja bora za wanachama, iwapo fedha zitaruhusu. Tunatumaini kumpata mjumbe wa kamati wa kuziba nafasi iliyoachwa wazi. Tunatumaini pia kwamba mahudhurio yatapanda, na kamati inaendelea kutafakari namna ya kulifanikisha hilo.

Namshukuru Katibu kwa kumbukumbu safi, Mweka Hazina kwa subira, na wajumbe waliosimama nami Juni wakati simu zao zilipokuwa hazipumziki. Pendekezo la kanuni mpya ya alama limeambatanishwa, na ninaomba lipigiwe kura leo, kabla ya uchaguzi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti