Makame, niulizie kwa Mzee kuhusu mkia

Lewiston, Maine
Novemba

Kwa sheikh yangu Makame,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mie na wa nyumbani hatujambo, baridi tu ndiyo inatuandama, na hofu ni juu yenu hapo Kitogani. Najua nimenyamaza mno, na Bi Mwaka keshanisema kwa kila apitaye. Mwambie nitampigia Ijumaa baada ya sala, ila asianze na matusi, aanze na khabari.

Sasa nina jambo, na wa kunisaidia ni baba yako, Mzee Pandu. Usicheke kabla hujamaliza kusoma.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka zamu ya usiku, nimeshika ile njia ya msituni nikupigiayo simu kila mara na mtandao unakatika. Alfajiri, taa za gari zimewaka kamili. Mnyama akanikatia njia. Mrefu, wa rangi moja ya hudhurungi, hana doa hata moja, kichwa kidogo ukilinganisha na kiwiliwili. Na mkia, yakhe! Mkia mnene, umeshuka mpaka karibu ya lami halafu ncha ikapinda juu. Wala hakukimbia. Alipita kama mwenye shamba anayekagua mipaka yake, akaingia upande wa pili. Mie nimefunga breki katikati ya njia, Ayatul Kursiy mdomoni.

Nimemwona puma, Makame. Paka mkubwa wa Marekani. Tatizo ni kwamba hapa Maine, kwa mujibu wa serikali, hayupo. Wa mwisho kujulikana alinaswa jimbo hili hili mwaka 1938. Machi 2011 serikali kuu ikatangaza kuwa puma wa mashariki ametoweka kabisa, na Januari 2018 wakamfuta kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa, maana utamlinda vipi asiyekuwepo? Ukiacha wale wachache wa Florida, upande wote huu wa mashariki ya nchi hesabu ni sifuri.

Kazini nimeshapewa jina. Ninaingia tu, mtu ananguruma nyuma ya kabati la shuka. Yuko mzee mmoja wa jikoni ndiye pekee aliyenishika mkono kwa dhati, akaniambia ananiamini kwa sababu na yeye kamwona, tena mweusi tii. Nikakata tamaa hapo hapo. Puma mweusi hajapata kuthibitishwa popote duniani! Shahidi wangu mmoja, na ndiye anayeniharibia kesi.

Nikampigia afisa wa wanyamapori. Mtu mstaarabu, nikiri, hakunidharau. Akauliza kuhusu mkia kabla ya jambo lolote, kwa sababu paka mwitu wa huku, wote wa aina mbili, wana vijimkia vifupi kama kidole. Akauliza je, hakuwa kulungu, maana gizani rangi yao ni hiyo hiyo. Akauliza je, hakuwa yule mnyama wa jamii ya vicheche, mweusi mweusi, mwenye mkia mrefu? Nikamwambia bwana, kicheche hajai njia nzima. Akataka picha ya nyayo zikiwa na kitu kando yake cha kupimia, kalamu au sarafu, na akanieleza kuwa mbwa huacha alama za kucha, paka huficha kucha zake akitembea. Lakini mvua ilikuwa imeshapiga na pale kandoni palibaki tope tupu.

Halafu akanipiga swali ambalo mpaka leo sina jawabu lake. Misitu hii imejaa kamera za wawindaji wa kulungu, zimefungwa kwenye miti, zinapiga usiku na mchana. Zinapata dubu, zinapata mbweha, zinapata wawindaji wenyewe wakijisaidia. Puma yuko wapi? Na Florida, ambako wazima wanakisiwa kuwa kati ya 120 na 230 tu, kila mwaka magari yanawagonga kadhaa. Huku hata mzoga hatuuoni barabarani. Ni hoja nzito, sikatai. Lakini nimeshika usukani na macho yangu mawili, Makame.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonikosesha usingizi. Mwaka huo huo 2011, miezi mitatu baada ya kutangazwa kuwa hayupo, gari likagonga puma Milford, jimbo la Connecticut, kusini yetu huku. Dume, kilo 63 hivi. Unajua neno la kwanza walilosema wakubwa? Kwamba huyu ni wa mtu. Kafugwa, katoroka. Wakampima vinasaba, wakakuta asili yake ni Black Hills kule South Dakota. Kinyesi na manyoya yake yalikuwa yameshaokotwa Minnesota na Wisconsin, na mengine karibu na Lake George jimbo la New York. Ametembea zaidi ya kilomita 2,400, kwa miguu yake, kavuka mito na barabara kuu, akitafuta jike ambalo halikuwepo. Hana mwenyewe yule. Hana hata kola shingoni.

Nilipoisoma hiyo "wa mtu" nikakumbuka kwetu Unguja moja kwa moja. Si ndivyo hivyo hivyo? Chui akionekana Ukongoroni au Charawe, hakuna aliyeuliza kama yupo. Swali lilikuwa: wa nani? Nani kamtuma, kaja kwa mbuzi wa nani, kuna ugomvi gani wa shamba? Ndiyo maana baada ya Mapinduzi Kitanzi, yule msaka wachawi, alipozunguka vijijini na watu wake, wachawi na chui waliwekwa kwenye kapu moja. Na leo tumebaki na yule aliyekaushwa makumbusho ya Mnazi Mmoja. Halafu 2018 wakaja wale Wamarekani wa televisheni na kamera zao, wakasema wamempata, picha yenyewe ya usiku, na wataalamu mpaka sasa wanabishana. Mzungu akimwona kwa kamera ni khabari ya dunia. Mzee Pandu akimsikia anakohoa nyuma ya banda la kuku, ni uzee.

Basi nikampigia yule afisa tena (mke wangu anasema sasa nimekuwa kero). Nikamwambia habari ya Milford. Akacheka, akasema hakatai kuwa dume mmoja anaweza kupita. Wanaposema hayupo, maana yao ni kwamba hakuna wanaoishi na kuzaa. Madume vijana ndio wazururaji, majike hawaendi mbali na walikozaliwa, kwa hiyo kizazi hakisogei. Nikatulia kidogo. Kumbe tulikuwa tunabishana vitu viwili tofauti, mimi na mnyama mmoja, yeye na ukoo mzima. Lakini kwenye karatasi wanaandika "hayupo", hawaandiki "hajaoa".

Na hata hilo la ukoo lina mwisho wake. Machi 2025 huko Michigan, kwenye misitu ya juu, watoto wawili wa puma walipigwa picha na wakubwa wakathibitisha. Zaidi ya miaka 100 haijaonekana hivyo jimbo lile. Mtoto hazururi kutoka South Dakota. Yupo mama.

Unajua kwa nini sinyamazi? Mwanangu anasubiri basi la skuli kabla jua halijachomoza, mwisho wa njia yetu, msitu mgongoni mwake. Puma kumshambulia mtu ni nadra sana, nimeshasoma yote: usikimbie, usiiname, jikuze, piga kelele. Nimemfundisha. Anaifanya vizuri mno, sasa anampigia kelele mama yake akiitwa kula. Lakini mie kila asubuhi nasimama naye na kikombe cha chai, na dereva wa basi ananitazama kama mgonjwa. Nikimwambia ni kwa ajili ya mnyama fulani, atasema mnyama huyo hayupo.

Nilitaka kukwambia na ya Kombo, lakini ni ndefu, atakuandikia mwenyewe akitoka huko aliko. Wewe umeshasikia, najua.

Sasa hebu nisaidie. Mkalishe Mzee barazani, mtengee kahawa, usimharakishe. Muulize: chui akikata njia hushusha mkia au huubeba? Akimulikwa na taa husimama, au huendelea tu kama hakukuona? Yule wake wa nyuma ya banda, alimwona kwa macho au alimsikia tu? Aliona nyayo, na kucha zilionekana? Alikwenda kumwambia nani kwanza, na akaambiwaje? Na muulize kwa upole, asije akadhani namkejeli: yeye mwenyewe aliwaza ni wa nani?

Na wewe je, ukipita Jozani usiku kwa vespa bado unazima injini pale kwenye mkunjo, au ushazeeka? Bati limefika? Fundi kaezeka jiko au pesa imekwenda kwenye harusi ya Mtumwa? Na mbona Ustadh hajibu ujumbe wangu, kakasirika kwa lile?

Wako,
Vuai