Kaka, beseni la nepi limenipa jina mtaani

Kaka mambo vipi, shemeji na watoto hawajambo? Nisamehe kwa ukimya, si unajua tena nimepata mtoto, wa kike, kilo tatu na nusu, mama yake alifanyiwa operesheni kwahiyo haruhusiwi kuinama wala kubeba ndoo.

Sasa sikia kituko. Kazini nimepewa siku 3, ndo sheria ilivyo, mama 84 baba 3, na hizo 3 uzichukue ndani ya wiki aliyozaliwa mtoto. Mbili zikaishia hospitali, ya tatu tumerudi home nikabeba beseni la nepi mpaka bombani pale uani, nyumba yenyewe unaijua, vyumba nane bomba moja. Wote kimya kama msibani. Mara mama wa chumba cha kona, kwa sauti ya makusudi kabisa, "mwenzetu limbwata limemkolea huyu!" Uani kote kicheko.

Nikajua masela wa kijiweni watanielewa. Wapi! Jioni nafika tu wananiuliza leo umepika nini bi mkubwa, na anaecheka kuliko wote ni yule jamaa dobi, kaka, dobi!! anafua mpaka mashuka ya gesti. Nikamwambia we mbona unafua, akasema "mi nalipwa bwana". Nikakosa jibu, ila tangu hapo nahesabu tu, mkaanga chipsi dume, mpishi wa pilau la harusi dume, fundi cherehani dume, hakuna anaewasema, yani ikishakuwa na hela ni kazi ya kiume, ya bure ndani kwako ndo limbwata. Na kuna mtu wa sheria aliwahi kuniambia Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa, ilikuwa 1983. Uani kwetu hukumu haijafika bado.

Halafu bi mkubwa mwenyewe, wa kweli, mama yangu, kashuka toka Tanga kukaa na mzazi mpaka arobaini. Hata chai hajanywa kaninyang'anya beseni, "lete huku, watu watasema sikukulea". Nikanyamaza maana kweli alinilea, tulikuwa tukitoka shule dada anashika ndoo mi nashika mpira, uniform zangu kanifulia dada mpaka form two na sikuwahi kujiuliza kwanini.

Siku hizi nafua saa tano usiku uani kukiwa hakuna mtu, naanika ndani. Juzi bomba lilipiga kelele nikajua mama kaamka, akakohoa tu akanyamaza. Kesho yake usiku naenda kulichukua beseni nakuta sabuni ya mche imeshakatwa kipande, kipo juu ya nepi, asubuhi hakuna aliyesema kitu.

Haya msalimie shemeji, mwambie na ile hela ya pampasi mliyoahidi bado naisubiri.

Wako, baba bintie