Barua ya wazi kwa vijana wa chama cha wafanyakazi: deiwaka siyo adui yenu

Wanangu, salaam. Nimesikia mnapanga kugoma kwa ajili ya mshahara, na nimesikia pia kuna wanaoapa kwamba deiwaka yeyote, yaani kibarua wa kutwa, atakayeingizwa kushika nafasi zenu atakiona cha moto. Hilo la pili ndo limeninyima usingizi.

Mimi nimegoma, kiwandani, enzi hizo bado kijana, tulitoka asubuhi moja kwa hasira tu, hakuna kura hakuna notisi, tukakaa nje tunaimba. Saa nne ikaja Fuso imefunikwa turubai, ndani vijana wamejaa, mawe yakaanza kuruka. Mmoja likampata juu ya jicho, kwenda kumwangalia ni mtoto wa jirani yangu, kandambili miguuni, na mkononi kashika mfuko wa rambo una viazi viwili vya kuchemsha, ndo chakula chake cha mchana. Wala hakujua kama kuna mgomo, kaambiwa kuna kazi ya siku tatu. Sisi tukafukuzwa wote, naye hakurudi tena.

Sasa sikieni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kuleta watu wa kuziba nafasi zenu kama mgomo ni halali. Shikeni hilo neno, halali. Yaani mgogoro uende kwanza CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 za usuluhishi ziishe bila muafaka, wanachama wapige kura na wengi wakubali, halafu mtoe notisi ya saa 48. Mkiruka hatua moja kinga imeondoka, na mabosi wanalijua hilo kuliko nyie, wengine wanawachokoza makusudi mtoke kwa hasira kama tulivyotoka sisi. (Mnaofanya kazi za maji, umeme na hospitali, masharti yenu ndani ya sheria hiyo ni mengine kabisa, msifuate mkumbo.)

Na kuna sehemu watu hawaisomi: sheria hiyohiyo inawakataza nyie kujipanga getini kuwazuia wanaoingia. Kwa hiyo kuongea na deiwaka siku ya mgomo mmeshachelewa, ni sasa hivi, pale kijiweni wanapokaa toka alfajiri wakisubiri kuitwa. Wambieni mnadai nini, waandikisheni chamani, na kwenye madai yenu wekeni na lao la mikataba, maana mtu ambaye hamjawahi hata kumsalimia mnamdai vipi uaminifu? Mgomo wa bandari ya Dar wa 1947 mnaousifia kila Mei Mosi, wengi waliouanza walikuwa vibarua wa kutwa haohao, na ukapanda na reli mpaka bara.

Jumamosi mkienda kijiweni nipitieni nyumbani twende wote. Yule mtoto wa jirani siku hizi ni baba wa watu, kovu bado liko juu ya jicho, nimeshaongea naye na amesema atakuja.