Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo, Kenya: Mbegu ni ile ile, kutu imebadilika

Mheshimiwa Waziri,

Ngano ikishambuliwa na kutu ya shina, ugonjwa unaoletwa na kuvu, wa kwanza kulaumiwa ni muuza mbegu. Mara nyingi anaonewa. Aina ya ngano iitwayo Robin iliegemea mno jeni moja la kinga, SrTmp; mwaka 2014 ikatokea hapa nchini mbari ya Ug99 (ukoo wa kutu ya shina) iitwayo TTKTK, inayolishinda jeni hilo, na mashamba ya Robin yakaangamia. Hatukupaswa kushangaa. Ug99 ilipoonekana Uganda mwaka 1998 ilikuwa imekwisha kuishinda Sr31, jeni jingine la kinga. Mwaka 2006 ikapatikana Kenya mbari iliyoishinda Sr24, na 2007 nyingine iliyoishinda Sr36.

Ombi letu la kwanza: aina yoyote inayotegemea jeni moja kubwa isiidhinishwe. Majeni madogo kama Sr2, Sr55 na Sr57, yakikutanishwa manne au matano, huipunguza kasi kutu hadi ugonjwa usionekane kwa urahisi. Ila kinga hiyo hudhihirika mmea ukishakomaa. Ukiupima mche kwenye banda la kioo utaona vipele vikubwa, utautupa bure. Pimeni shambani, kwenye kituo cha utafiti cha Njoro, kando ya ngano dhaifu ya kulinganishia: hiyo ikishambuliwa hadi asilimia 90 na mstari wenu (ngano mnayoijaribu) umesimama kwenye 20, huo si wa kutupwa.

La pili ni sampuli za mashina yenye kutu, zinazopimwa ili kujua ni mbari gani. Zikiletwa kwenye mifuko ya plastiki huoza njiani, spora (chembe za kuvu zinazoeneza ugonjwa) zikafa. Maafisa wa ugani wakate shina lenye vipele vibichi vya rangi ya tofali, sentimita 10 hadi 15, walitie kwenye bahasha ya karatasi, likauke kivulini, kamwe si ndani ya gari lililoachwa juani. Vipele vilivyogeuka vyeusi havifai, kwa sababu spora zake haziambukizi ngano. Juu ya bahasha waandike aina ya mbegu, tarehe na mahali.

Maabara hupandikiza spora hizo kwenye mistari 20 ya ngano, makundi matano ya minne minne, na husoma matokeo baada ya wiki mbili hivi. Kila kundi hutoa herufi moja, ndiyo maana jina la mbari lina herufi tano. Kazi hii ifanywe kila msimu, isingoje mfadhili, na majibu yawafikie wazalishaji wa mbegu kabla hawajatenga mashamba ya msimu unaofuata.

Wako,
Wataalamu wa magonjwa ya ngano