Akili mnemba na maandiko ya ruzuku

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kutumia akili mnemba kuandika maombi ya ruzuku. Tangu Septemba 25, 2025, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) hazipokei maombi yaliyoandaliwa kwa sehemu kubwa na akili mnemba.

Sipingi mtu kusahihishiwa Kiingereza, maana ndicho kinachotukwamisha wengi. Lakini rasimu ya ombi la ruzuku la kikundi chetu cha wafugaji nyuki, iliyoandikwa na akili mnemba, ilitoka na bajeti ya kukinga mizinga dhidi ya theluji. Theluji, hapa Tabora!

Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na watoa ruzuku wengine waeleze kwenye matangazo yao kinachoruhusiwa, kisha wamhoji mwombaji, hata kwa simu, kuhusu bajeti yake.

Mfugaji nyuki,
Tabora