Barua ya wazi kwa Naibu Makamu wa Chansela (Utafiti): umeme umesingiziwa

Mheshimiwa Profesa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nimelisoma tangazo la ofisi yako kwamba mashine ya NMR ya maabara ya pamoja, ile yenye sumaku kubwa ya kuchunguza muundo wa molekuli, haitapatikana "kwa muda" kutokana na hitilafu ya umeme. Niwie radhi, Profesa, lakini umeme umesingiziwa. Sumaku ile ikishapewa mkondo, mkondo huo huzunguka ndani ya koili, yaani waya wake uliosokotwa, miaka na miaka bila kutegemea umeme wa ukutani. Inachodai ni baridi tu: heliamu kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na naitrojeni kuizunguka.

Heliamu hupungua polepole, na kipimo kipo, kila aingiaye anakiona. Fundi sanifu wetu alikiona akaandika. Akaandika tena. Akaambiwa ombi liko manunuzi. Manunuzi wakasema liko kwako. Basi koili ikapata joto, sumaku ikazimika, na heliamu iliyobaki ikachemka yote ikatoka kwa kishindo. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtu chumbani, maana gesi ile hufukuza hewa na mtu huzimia kabla hajajua kimemsibu nini.

Pengine kuna mtu aliona bei ya heliamu akadhani ni anasa za wanakemia. Nakisia tu. Hongera zake: alikataa kununua ya kujazia, sasa chuo kitanunua ya kupoza sumaku nzima upya, na mhandisi wa kuiamsha juu yake.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu. Ada ya kutumia mashine imeshakatwa kwenye ruzuku yangu, na ruzuku ina tarehe ya mwisho isiyojua habari za saini. Spektra ya protoni, yaani mchoro wa ishara za hidrojeni za sampuli, ni dakika chache, lakini kwa sampuli kiduchu kama zangu ile ya kaboni hula usiku kucha, kwa kuwa ni takriban asilimia 1.1 tu ya kaboni, yaani kaboni-13, inayoonekana na mashine. Usiku huo nilikuwa nimeupata, baada ya kusubiri foleni ndefu. Sasa viambata vyangu vinaharibika kwenye friji, na mtahini hatapokea tangazo lako badala ya spektra.

Siku ya uzinduzi, Profesa, ulituahidi mfuko wa heliamu usioguswa kwa matumizi mengine. Tulipiga makofi, nakumbuka, na picha zikapigwa. Mfuko huo uko wapi?

Nilitaka kudai mengi: fidia ya muda, ada zetu zirudishwe, tangazo lisahihishwe. Yaache hayo. Nakuomba oda ya kudumu ya heliamu, isainiwe mara moja, ili fundi asilazimike tena kuomba kila kipimo kinaposhuka. Oda hiyo tu. Isainiwe wiki hii.

Wako mtiifu, bado,
Mwanafunzi wa uzamivu, Idara ya Kemia